Kwa nini nyimbo za roki za ujanani hazitoki kichwani, na marafiki wanaingiaje humo

Julai 2025 watu wa roki walipitia wiki ngumu sana. Tarehe 5 Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya hevi metali ya Black Sabbath, alipanda jukwaani Villa Park, Birmingham, pale pale Aston alikokulia, akaimba akiwa amekaa kwenye kiti cheusi cha kifalme kwa sababu ugonjwa wa Parkinson na matatizo ya mgongo yalishamfanya ashindwe kusimama, na wenzake wa mwanzo wa bendi hiyo wakawa naye, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, wote wanne kwenye jukwaa moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Tarehe 22 akafariki, ana miaka 76. Mitandao ikajaa video za watu wazima wenye mvi wanalia kwa kwikwi, na chini ya kila video maswali yale yale: huyu mtu hawajawahi hata kumsalimia, sasa wanalia nini? Kuna waliosema ni utoto tu, kuna waliosema muziki wa zamani ndo ulikuwa muziki kweli na huu wa sasa ni makelele, na hawakukosekana walioleta habari za shetani.

Kwangu mimi majibu yote matatu hayafiki kwenye kiini, na swali lenyewe ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa hiyo acha tulifungue taratibu.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema roki nazungumzia muziki ulioanzia Marekani katikati ya miaka ya 1950, gitaa la umeme, besi, ngoma na mtu anayeimba kwa nguvu zote, enzi za akina Chuck Berry na Little Richard, kisha ukavuka bahari ukawapata vijana wa Uingereza, wakautengeneza upya wakaurudisha, alafu ukatoa matawi chungu nzima, hevi metali, panki, granji na mengine. Nikisema kumbukumbu ya maisha simaanishi kujua kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100, hayo ni maarifa. Kumbukumbu ya maisha ni ile ambayo wewe mwenyewe umo ndani: ulikuwa wapi, na nani, mlikuwa mnacheka nini, ulijisikiaje. Na kuna kitu cha tatu ambacho bila hicho habari yote hii haieleweki, wataalamu wanakiita nundu ya kumbukumbu.

Nundu yenyewe iko hivi. Ukimwomba mtu aliyevuka miaka 40 akusimulie matukio ya maisha yake, yoyote yanayomjia bila kumchagulia, hayatakuja sawasawa kutoka kila umri. Ya juzijuzi yatakuwa mengi, hilo linaeleweka, na ya utotoni kabisa yatakuwa machache. Ila katikati hapo, kuanzia kama miaka 10 hadi 30 hivi, kunatokea rundo kubwa la matukio, mengi kuliko ya miaka iliyofuata ambayo kwa hesabu ya kawaida yangepaswa kuwa karibu zaidi na kukumbukika zaidi. Ukichora mstari wa umri, hapo unavimba. Hili limeonekana kwenye tafiti tangu miaka ya 1980 na limerudiwa mara nyingi, sio stori ya kijiweni.

Muziki nao una nundu yake. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa umri tofauti, vijana mpaka wazee, vipande vya nyimbo zilizovuma kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1980 wakawauliza wanapenda zipi. Mapenzi yalifika kileleni kwa nyimbo zilizotoka wakati msikilizaji ana miaka kama 23 na nusu. Umri kamili usiukariri sana, wengine waliopima baadaye hawakupata picha iliyonyooka namna hiyo, ila mwelekeo ndo huo, wengi wetu tunang'ang'ania muziki uliotukuta tukiwa vijana.

Swali linalofuata ni kwa nini iwe ujanani na sio ukiwa na miaka 40 una akili zako timamu na hela ya kununua spika nzuri.

Sababu ziko kadhaa na zinasaidiana. Ya kwanza, ujana ndo wakati wa mambo ya mara ya kwanza, kupenda mara ya kwanza, kukaa mbali na wazazi mara ya kwanza, kukataliwa, kufiwa na mtu wa rika lako, kupata mshahara wako mwenyewe hata kama ni kidogo. Jambo la mara ya kwanza ubongo unalishika kwa nguvu maana haujalizoea. Ya pili, na hii kwa maoni yangu ndo kubwa, ujanani unakuwa unajitengeneza, unajiuliza mimi ni mtu wa aina gani, na muziki unakuwa sehemu ya jibu, kijana hasemi tu napenda hii bendi, anasema mimi ni mtu wa hii bendi, anavaa fulana yake, anaandika jina lake kwenye daftari, anakosana na watu kwa ajili yake. Ya tatu ni kurudia. Una muda, kaseti yenyewe ni moja au mbili, basi unaisikiliza mpaka mkanda unalegea, unaingiza kalamu kwenye tundu unazungusha urudi mahali pake, unasikiliza tena.

Na huko kurudia kunaacha alama ambayo ukiijua unaanza kuiona kila siku. Chukua wimbo mmoja wa albamu uliyoizoea ujanani, uupige leo kwenye simu. Ukiisha, kabla simu haijakuchagulia mwingine, ule wimbo uliokuwa unafuata kwenye kaseti unaanza wenyewe kichwani, kwa sauti yake na kasi yake. Watafiti wamepima hata hilo, wakaona ubongo wa mtu aliyezoea albamu unachangamka kwenye ule ukimya kati ya wimbo na wimbo, unajiandaa na unaokuja. Kama kaseti yenu ilirekodiwa kutoka redioni na mtangazaji aliingilia katikati ya wimbo, mpaka leo ukisikia wimbo ule ukiwa safi kabisa unamsubiri yule mtangazaji aongee.

Sasa ndani ya kichwa kunaendaje? Nitaeleza kwa ufupi tu. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwalaza wanafunzi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo akawapigia vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 8 hadi 18, matokeo yakachapishwa 2009. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso upande wa katikati, ndo ilikuwa inachangamka zaidi pale wimbo ulipoleta kumbukumbu ya maisha, na sehemu hiyo hiyo ilikuwa inaufuata wimbo unavyotembea kutoka sauti hadi sauti. Yaani muziki, kumbukumbu na kujifikiria mwenyewe vinakutana mahali pamoja. Alafu 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, wakaonyesha kwamba ule msisimko wa vinyweleo kusimama unaambatana na ubongo kumwaga dopamini, kemikali ya raha na hamu, na kinachovutia ni kwamba inaanza kumwagwa kabla ya kile kipande chenyewe kufika, wakati unakisubiri. Ndo maana wimbo unaoujua unakushika kuliko usioujua, unajua gitaa linakuja, na huko kulisubiri kwenyewe ni raha.

Mpaka hapa nimesema mambo ambayo yanafaa kwa muziki wowote, na ni kweli, mtu aliyekulia kwenye dansi au rege au kwaya naye ana nundu yake. Ila roki ina mambo yake mawili yanayofanya nundu iwe nzito.

La kwanza ni bendi. Roki sio muziki wa mtu mmoja anayeimba juu ya mdundo alioletewa, mara nyingi ni vijana watatu wanne waliofahamiana, na hadithi ya bendi ni hadithi ya urafiki, wanavyokutana, wanavyogombana, wanavyoachana na kurudiana. Mick Jagger na Keith Richards walisoma shule moja ya msingi huko Dartford, wakapotezana, mpaka Oktoba 1961 walipokutana kwenye stesheni ya treni, mmoja ana miaka 18 mwingine 17, na Jagger kabeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, ambazo Uingereza wakati huo kuzipata ilikuwa kazi. Richards akaziona. Ni hivo tu, hakuna kingine kilichotokea, mwaka uliofuata Rolling Stones ikazaliwa, na wao wawili bado wako pamoja baada ya zaidi ya miaka 60. Kila shabiki wa roki ana stesheni yake, kuna mtu alimwona na santuri au fulana au kaseti fulani akajisemea huyu ni wangu.

La pili, waliokuwa wanapiga walikuwa vijana kama wanaosikiliza. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Februari 1970, Ozzy ana miaka 21. Ule mlio mzito wa gitaa la Iommi una historia yake: akiwa na miaka 17 anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, hivyo ndo vidole vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza zaidi ili zisimuumize, na kulegea huko kukashusha sauti chini ikawa nene. Kijana wa mji wa viwanda aliyekuwa anausikia mlio ule mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anamsikia mtu wa rika lake na wa maisha yake. Kwa hiyo 2025 yule mzee anayelia haombolezi tu staa. Alikuwa anazeeka pamoja naye miaka 55, na kumwona amekaa kwenye kile kiti hawezi kusimama ni kuona miaka yake mwenyewe.

Kuna upande wa pili wa hilo na unaniumiza kila nikiufikiria. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya granji ya Nirvana, alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27 na atabaki hivo hivo. Aliyekuwa shabiki wake wa miaka 18, ambaye kwake Cobain alikuwa kaka mkubwa, leo kavuka 45, na ile sauti iliyokuwa ya mtu mkubwa anayejua maisha sasa ni sauti ya kijana mdogo, pengine mdogo kuliko mwanawe mwenyewe. Wimbo haujabadilika hata nukta moja, ila sasa unausikia kama mzazi, unataka kumwambia yule kijana atulie, ale, alale.

Urafiki unaingilia wapi

Watu wakizungumzia muziki na kumbukumbu wanasahau kwamba wengi wetu hatukugundua muziki peke yetu. Kuna mtu alikupa. Alikuazima kaseti, alikupa sikio moja la spika zake mkiwa mmekaa bega kwa bega, na waya ule mfupi ukawalazimisha vichwa visogeleane, akakuambia subiri, subiri, sikiliza hapa. Ule wimbo ulipoingia kichwani uliingia na sauti yake ya kusema subiri, na havitenganishwi tena.

Alafu kuna kuimba na kurukaruka pamoja. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mapya kwa miezi saba, wengine ya kuimba, wengine ya kuandika, wengine ya kazi za mikono, na matokeo yaliyotoka 2015 yakaonyesha waimbaji walishikana haraka zaidi mwanzoni. Mwishoni madarasa yote yalifika sehemu moja, kwa hiyo kuimba hakujengi urafiki mkubwa kuliko njia nyingine, kunauwahisha. Nadhani hapo ndo kuna siri ya shoo ya roki, watu elfu kadhaa wasiojuana wanaimba kiitikio kimoja kwa pumzi moja na ndani ya nusu saa unamshika bega mtu usiyemjua jina.

Mnapokutana baada ya miaka mingi, wimbo mmoja unaweza kuwaokoa kwenye ule ukimya wa "enhe, na wewe ukoje". Ila uwe tayari kwa jambo moja, mtakumbuka tofauti. Wewe utaapa mlikuwa watano, mwenzako atasema watatu, na kila mmoja anaona picha kabisa. Kumbukumbu haihifadhiwi ikiwa nzima, kila ukiikumbuka inajengwa upya kwa vipande vilivyopo, na mahali palipopungua ubongo unajaziliza. Hisia kali ambazo wimbo unakuletea zinakufanya uone ni kweli tupu, kumbe hisia ni za kweli na maelezo yanaweza kuwa yamehama. Msigombane kwa hilo.

Na kuna jambo linalowachanganya wengi, wimbo unaoupenda kuliko zote unaweza usikuletee kumbukumbu yoyote ya maana, wakati wimbo wa kawaida tu uliousikia leo kwa bahati baada ya miaka 20 unakupiga unashindwa kutembea. Fikiria msumari ukutani. Ukitundika shati moja unalichukua hata gizani, ukitundika nguo za miaka 30 juu ya msumari huo huo, shati lile la kwanza hulipati tena. Wimbo uliousikiliza kila mwaka wa maisha yako umeshabeba kila kitu, kazi, watoto, foleni, misiba, haukupeleki popote hasa. Ule uliouacha ukiwa na miaka 19 umebaki na miaka 19 peke yake. Ndo maana mimi kuna albamu nazilinda kwa makusudi, sizipigi ovyo.

Yanayosemwa ambayo sio kweli, au sio kweli yote

"Ya kale ni dhahabu." Kila kizazi kimesema hivo, pamoja na wazazi wa miaka ya 1950 waliosema roki ni makelele na itapita. Pia kuna mchujo tunaousahau, nyimbo mbovu za 1975 zilikuwepo tele, zimekufa, zimebaki zile nzuri, alafu tunazichukua hizo chache tunazilinganisha na kila kinachotoka wiki hii.

"Metali inaharibu watoto." Septemba 1985 mpaka Seneti ya Marekani ilikaa kusikiliza hoja hiyo, wanamuziki wakaitwa, akiwemo Dee Snider wa Twisted Sister, na matokeo yake ni zile lebo za onyo kwa wazazi kwenye majalada. Baada ya miaka 30 watafiti wakawatafuta waliokuwa mashabiki na wanamuziki wa metali wa miaka hiyo ya 1980, utafiti ukatoka 2015. Wengi walisimulia ujana wa hatari kweli, ulevi na mambo mengine, hilo halikufichwa. Ila walisema walikuwa na furaha zaidi ujanani kuliko wenzao wa rika lao, na ukubwani walionekana wametulia vizuri na wana majuto machache. Waliojibu ni wale waliokuwepo na waliokubali kujibu, kwa hiyo usilichukue kama cheti. Lakini sababu waliyoitaja mara kwa mara ni ile ile, walipata watu wao. Mtoto aliyejiona hafai popote alipata kundi.

"Muziki unatibu usahaulifu wa uzeeni." Hapana, hautibu, na nasema hivi kwa uangalifu kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa ana mzazi mwenye Alzheimer. Kilichopo ni kwamba watafiti wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 2015 walionyesha sehemu za ubongo zinazoshika nyimbo za zamani zinachelewa kuharibiwa na ugonjwa huo ukilinganisha na sehemu nyingine. Kwa hiyo mtu anaweza kulisahau jina lako na bado akaimba ubeti mzima. Ukitaka kumpigia, usipige muziki wa wazee kwa ujumla, tafuta nyimbo za wakati yeye ana miaka 15 mpaka 25, waulize marafiki zake wa zamani, wao wanajua kuliko watoto. Mpigie kwa sauti ya wastani, mwangalie usoni, akionekana kusononeka zima. Kuna nyimbo zilizobeba maumivu na hawezi tena kukuambia ni zipi.

Kitu kingine kuhusu kuzeeka hakisemwi sana, masikio yenyewe. Sauti za juu ndo zinatangulia kupotea na umri, na ukiongeza makelele ya shoo na spika za masikioni zinapotea mapema zaidi. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara 2016 kwa sababu ya masikio, na Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Maana yake mtu wa miaka 60 akipiga wimbo wake wa miaka 16, yale matasa ya ngoma hayafiki tena masikioni kama zamani, sehemu yake anajaziliziwa na kumbukumbu. Kijana unayesoma hili, punguza sauti kidogo, na kwenye shoo vaa vizibo vya masikio.

Je, mtu wa miaka 50 anaweza kushikwa na muziki mpya? Anaweza. Nundu haimaanishi mlango umefungwa. Kinachokosekana ukubwani mara nyingi sio ubongo, ni yale mengine, muda wa kurudia, jambo jipya la kuliunganisha nalo, na mtu wa kukuambia sikiliza hapa. Ukisikiliza albamu mpya mara moja ukiwa unajibu meseji haitashika, isikilize wiki nzima, safarini, na mtu.

Na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wako. Carol Lynne Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick, mwaka 2013, waliwapigia vijana wa miaka kama 20 nyimbo zilizoongoza chati kuanzia 1955 hadi 2009. Walitegemea wapende za kwao, na walizipenda, lakini ikatokea nundu nyingine kwenye nyimbo za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wazazi wao walikuwa vijana, na nyingine ndogo miaka ya 1960, ya mababu. Vijana wale walisema zina kumbukumbu zao wenyewe ndani, maana walikua wanazisikia zikipigwa nyumbani na kwenye gari na wazazi wanaoziimba bila aibu. Kwa hiyo ukipiga ile santuri yako mbele ya watoto wakakuomba uzime, ipige tu.